Tupeane uzoefu: fanicha uliyojitengenezea mwenyewe nyumbani ilikutesea wapi?

Randa Butu:
Wakuu heshima kwenu. Juzi usiku wa manane nimelala fofofo nikasikia PAA! sebuleni, nikajua tayari nimevamiwa, nikatoka na tochi mkono mmoja nyundo mkono mwingine nazunguka chumba kwa chumba, hamna mtu, hamna kilichoanguka, nikarudi kulala. Asubuhi ndo naona meza yangu, ile niliyoijenga mwenyewe miezi mitatu iliyopita nikaipiga vanishi mara nne mpaka unajiona sura, imepasuka katikati kuanzia ukingoni mpaka karibu nusu ya urefu. Ufa unapitisha kadi ya benki. Bapa la juu nimeunga mbao tano kwa gundi, chini nimelikamata na skrubu nane kwenye fremu, na nimekaza kweli kweli mpaka mkono ulitoka malengelenge. Nilikaa pale nikacheka peke yangu maana kulia ilikuwa aibu.

Najua tuko wengi tuliojifanya mafundi seremala. Leta kisa chako. Na mwenye dawa ya ufa asinyamaze.

Chaga Saba:
Hiyo PAA naijua mkuu. Yangu ilikuwa kitanda, na hatukuwa tumelala.

Mama Wawili:
😂😂 Chaga Saba wewe. Haya ngoja na mimi nitoe la moyoni.

Mimi nilitaka kabati la nguo. Nikapima chumba, sakafu mpaka dari mita 2.40, nikasema kabati liwe 2.35 nibakize sentimita 5 za kupumulia, kina chake sentimita 60. Nikalijenga limelala chali palepale chumbani maana ndo rahisi kuunga, wiki tatu za jioni jioni, msasa namba 80 nikaja 120 nikaja 180, nimefunga bawaba zote, nimepiga vanishi, mtoto akigusa nagomba. Siku ya kulisimamisha nimeita majirani wawili na mdogo wangu. Moja mbili tatu nyanyua! Linapanda, linapanda, limefika robo tatu ya safari ile kona ya juu ya mbele ikagota dari. Tunasukuma haliendi, tunarudisha, tunasukuma tena. Mdogo wangu ananiangalia, "dada si ulisema umepima?" Nimepima! Nikachukua futi nikapima upya mbele ya watu, kabati 2.35, dari 2.40, nikaanza kuhisi nyumba imelogwa. Jirani mmoja ni mwalimu mstaafu wa hesabu, muda wote kakaa kimya kashikilia kona yake, ndo akasema mama umepima kabati lililokwisha simama, ila linalonyanyuka halipiti kwa urefu wake, linapita kwa kona mpaka kona. Akachukua penseli yangu akachora pembetatu ukutani, 2.35 na 0.60, ikatoka 2.42 na ushee. Ile hesabu ya Pythagoras niliyoikimbia darasani imenifuata mpaka chumbani kwangu!

Likakaa limeinama siku nne limeegemea ukuta, tunalipita kwa kuinama. Mwisho nikakata sentimita 5 za miguu, likawa 2.30, kona kwa kona 2.38, likapita huku linachuna rangi ya dari. Ile alama sijaipaka mpaka leo.

Kidole Tisa:
Ndo maana wenye uzoefu kitako wanakijenga peke yake. Unasimamisha boksi kwanza, ndo unalipandisha juu ya kitako.

Fundi Jumamosi:
Au unalijenga limesimama tangu mwanzo.

Mama Wawili:
Asante kaka, umechelewa miaka sita.

Mzee wa Msasa:
Randa Butu pole kijana wangu. Ulipojisifia ndipo kwenye kosa, hizo skrubu nane. Ubao haufi ukikatwa, unaendelea kunywa unyevu na kuutoa kila majira yakibadilika. Na unasinyaa kwenye upana, kwenye urefu karibu hamna kitu. Bapa la upana wa sentimita 90 likikauka linaweza kupungua hata sentimita nzima kama mbao hazikuwa zimekauka vizuri ulipoziunga. Sasa wewe umelishika pande zote mbili, lenyewe linataka kuingia ndani, linanyimwa ruhusa, basi linajichana. Tundu la kwenye fremu lisiwe duara, lichonge liwe refu kufuata upana wa meza, skrubu ipate pa kutelezea. Ile ya katikati ndo unaweza kuikaza ibaki hapo.

Sila Moja:
Mimi nadhani gundi ilikuwa mbovu tu.

Mzee wa Msasa:
Angetuambia kama imeachia kwenye kiungo au imechana ubao wenyewe. Gundi ikiwa mbovu kiungo ndo kinaachia.

Randa Butu:
Imechana ubao wenyewe mzee. Kiungo kipo kama nilivyokiacha.

Ulimi na Tundu:
Skrubu ndo imeua ufundi. Watu hawajui tena kuchonga ulimi na tundu, ncha ya ubao mmoja inaingia kwenye shimo la mwingine, kila kitu drili vrrr vrrr. Meza ya marehemu babu haina skrubu hata moja na ipo mpaka leo.

Fundi Jumamosi:
Meza ya babu yako alijenga babu yako. Wewe umejenga nini?

Ulimi na Tundu:
Viti vinne. Ulimi na tundu vyote, patasi na nyundo ya mbao.

Fundi Jumamosi:
Weka picha.

Ulimi na Tundu:
Vimebaki vitatu.

Chaga Saba:
😂😂😂 nimekufa

Ulimi na Tundu:
Cheka tu. Kile kimoja nilichonga tundu kubwa kuliko ulimi nikajaza gundi nikasema itaziba. Gundi nyeupe haizibi pengo, inashika mbao mbili zilizobanana. Alikalia shemeji. Ila kosa lilikuwa langu, sio la njia.

Kidole Tisa:
Kabla mtu hajaniuliza habari ya jina langu. Msumeno wa meza, jioni, nimechoka, nikasema ngoja nimalizie hiki kipande kimoja. Tumieni kijiti cha kusukumia. Nimemaliza.

Mama Wawili:
Pole sana kaka.

Brashi Kavu:
Yangu ndogo. Stuli, nilipiga vanishi ya mafuta Jumamosi, Jumapili nikaona haina mng'ao nikapulizia klia ya thina, ile vanishi angavu inayokauka upesi, juu yake. Dakika kumi tu imekunjamana yote kama ngozi ya kobe. Nimekwangua wiki nzima. Thina inaenda kuamsha lile koti la chini ambalo halijakomaa, linavimba. Kushika na kidole ukaona kavu sio kwamba imekomaa.

Fundi Jumamosi:
Na usitikise kopo la vanishi kabla ya kupaka, unaingiza mapovu. Koroga taratibu na kijiti.

Mzee wa Msasa:
Na barakoa mnapopiga msasa. Watu wanaogopa msumeno hawaogopi vumbi. Shirika la utafiti wa saratani la WHO vumbi la mbao limeliweka kundi la 1, la vitu vinavyojulikana kuleta saratani kwa binadamu, humohumo ilimo sigara.

Bisha Hodi:
Siku hizi kila kitu saratani.

Kopo Tupu:
Sikupanga kuandika, ila nimeona mnaongelea vanishi na hakuna aliyetaja matambara, nimeshindwa kunyamaza.

Nilijenga rafu ya vitabu, sikutaka vanishi, nikachagua mafuta ya kitani, wengine mnayaita linsidi, yale kwenye kopo yameandikwa yamechemshwa japo hayajachemshwa, yametiwa tu dawa ya kuyafanya yakauke haraka. Raha yake huhitaji hata brashi, unapaka na tambara, unaacha robo saa, unafuta yaliyobaki, ubao unabadilika rangi unauona hivihivi. Nilitumia fulana kuukuu sita. Saa moja jioni nimemaliza, nimeridhika, nikayakunja matambara nikayasokomeza kwenye boksi la karatasi kona ya stoo pamoja na maranda, kwamba kesho nitayatumia tena koti la pili. Nyumba yetu havuti mtu sigara. Ile stoo haina umeme, haina jiko, haina hata dirisha.

Kama saa sita usiku mke wangu akaniambia unasikia harufu? Nikamjibu ni rafu hiyo, ikikauka itaisha. Nikageukia upande wa pili nikalala. Hilo neno mpaka leo ananikumbusha. Baada ya muda akaamka mwenyewe, nikasikia mlango wa stoo umefunguliwa, ukafungwa palepale. Hakupiga kelele. Alirudi mlangoni akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayekuagiza kitu, "toa watoto."

Tulitoka wote salama, hilo nasema mapema. Majirani walikuja na ndoo, zimamoto wakafika, ila stoo ilikwisha na paa la upande ule. Yule mkuu wao swali la kwanza aliloniuliza, la kwanza kabisa, "mlikuwa mnapaka mbao mafuta leo?" Nikashangaa kajuaje. Akanieleza nimesimama pale na kikaptula. Yale mafuta hayakauki kama maji kwa kupaa hewani, yanakauka kwa kuvuta oksijeni, na yakivuta yanatoa joto. Tambara ukilitandaza joto linaondoka zake. Ukilisokota joto linabaki ndani, likizidi mafuta yanakauka kwa kasi zaidi, joto linaongezeka, mpaka linashika lenyewe. Bila kiberiti.

Kwenye ile rafu ulibaki ubao mmoja wa chini. Ninao.

Mama Wawili:
Mungu wangu. "Toa watoto."

Chaga Saba:
Hapa sina utani.

Bisha Hodi:
Mkuu pole na hasara ila hizo ni kamba. Tambara liwake lenyewe? Tafuta nani alitupa kipisi cha sigara.

Kidole Tisa:
Bisha Hodi, mwaka 1991 jengo la ghorofa 38 huko Philadelphia, Marekani, One Meridian Plaza, liliungua hivyohivyo. Mafundi walikuwa wanasafisha na kupaka upya mbao za ukutani ghorofa ya 22, matambara ya mafuta ya kitani yakaachwa, yakashika moto yenyewe. Zimamoto watatu walikufa. Moto ulipanda mpaka ghorofa ya 30 ndo ukakutana na mitambo ya maji ya darini.

Bisha Hodi:
Huko ni Marekani.

Kidole Tisa:
Oksijeni ni hiihii ndugu yangu.

Bisha Hodi:
Mbona mimi miaka yote napaka na sijawahi kuungua?

Ulimi na Tundu:
Na mimi miaka yote nilikuwa na viti vinne.

Fundi Jumamosi:
Njia sahihi ni kopo la bati lenye mfuniko, unajaza maji, unayazamisha matambara humo unafunga.

Mzee wa Msasa:
Mimi sipendi kukaa na makopo ya uchafu. Natandaza nje moja moja juu ya kitu kisichoungua, yasipandane, mpaka yakakamae kama ngozi. Yakikakamaa yote hayana tena kazi ya kufanya, natupa.

Chaga Saba:
Mimi nayachoma palepale uwanjani, yaungue nikiwa nayaona.

Brashi Kavu:
Mimi nilihamia vanishi ya maji, hizi habari sina. Inanyanyua tu nyuzi ubao unakuwa na manyoya, basi nalowesha ubao kidogo kwanza, ukikauka napitisha msasa 220 kwa mkono mwepesi ndo napaka.

Sila Moja:
Samahani Kopo Tupu naomba kuuliza, na kwenye mfuko wa plastiki je, napo yanaweza?

Kopo Tupu:
Yako wapi sasa hivi?

Sila Moja:
Chini ya meza ya kazi, tangu mchana. Nimefunga mfuko vizuri lakini.

Kopo Tupu:
Acha kuandika nenda.

Mama Wawili:
Sila Moja?

Mama Wawili:
Jamani huyu mtu karudi?

Sila Moja:
Nimerudi. Nimeyatoa nje nimeyamwagia maji. Yale ya katikati yalikuwa na joto, na hapa kwangu leo ni baridi. Mikono inatetemeka.

Kopo Tupu:
Hapo tu. Pumzika.

Bisha Hodi:
Haya basi. Na mimi ngoja nikaangalie stoo.

Randa Butu:
Wakuu nashukuru kwa yote, nimejifunza mengi, ila ufa wangu je? Niuzibe na nini?

Brashi Kavu:
Puti ya rangi ya mbao.

Chaga Saba:
Gundi na vumbi la msasa wa ubao uleule, unakoroga unashindilia.

Ulimi na Tundu:
Puti itatoka majira yakigeuka. Chonga kabari nyembamba ya mbao ileile uichomeke na gundi, nyuzi zielekee upande mmoja.

Mzee wa Msasa:
Hakuna kuziba chochote kabla hujafungua skrubu. Ukiziba halafu bapa likataka kurudi litapasukia pengine.

Randa Butu:
Mrejesho wa leo jioni. Nimeipindua meza, nimefungua moja moja. Mbili za kwanza hamna kitu. Ya sita ilipolegea meza ikalia "kii" ndogo hivi, nikaruka nyuma, kuangalia ufa umeanza kujifunga wenyewe mpaka kadi haipiti tena. Matundu ya fremu nimeyarefusha kwa patasi, nimeingiza gundi kwenye ufa na kipande cha karatasi ngumu, nimevuta na klampu tatu, nasubiri mpaka kesho.

Fundi Jumamosi:
Klampu umekaza kiasi gani?

Randa Butu:
Mkono umetoka malengelenge.

Mzee wa Msasa:
Legeza, gundi yote umeikamulia nje.