Nimekataliwa kwenye mashindano kwa sababu fremu yangu haina bomba la kiti. Naomba ushauri

FundiMbalizi
Habari zenu wakuu. Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Mbalizi. Mageti na madirisha ndiyo yananilisha, lakini baiskeli ndizo nazipenda. Mwaka jana niliunda fremu yangu mwenyewe. Lile bomba linaloshuka toka kwenye kiti mpaka kwenye pedeli nililiondoa. Kiti kimebebwa na bomba moja nene linalotoka mbele, linanesa kidogo, kwa hiyo mashimo hayanifiki mgongoni. Nimeiendesha mpaka Tukuyu na kurudi, hakuna kiungo kilichopasuka.

Juzi nilienda kwenye mashindano, nikalipa kiingilio, nikapewa namba. Tumeshapanga mstari, msimamizi akaitazama baiskeli akaniambia nitoke, hiyo si baiskeli ya mashindano. Kanuni hakunionyesha, hela sikurudishiwa. Niliumia sana, kazi ya miezi saba ile.

Je, kanuni hiyo ipo kweli? Niongeze bomba au niiache? Mdogo wangu naye anasema tuunde ya kulalia kabisa, ile ya miguu mbele, eti ina kasi zaidi.

Spoku36
Pole sana mkuu. Kanuni ipo, ni ya UCI, shirikisho la baiskeli la dunia. Fremu ya mashindano ya barabarani lazima ijengwe kwa pembetatu kuu: bomba la juu, bomba la chini na bomba la kiti. Magurudumu yote mawili yawe na kipenyo sawa, kati ya sm 55 na 70 pamoja na tairi. Urefu wote usizidi sm 185. Uzito usipungue kilo 6.8, ila kwa chuma chetu hilo lisikunyime usingizi.

Alichokosea msimamizi ni kukuachia ulipe kwanza. Ingekuwa vyema ukaguzi ufanyike kabla ya kutoa namba. Rudi kwa waandaaji kwa adabu, uombe kiingilio chako.

BabuWaIpogolo
Kijana wangu, usidhani umeonewa peke yako. Mwaka 1933 Mfaransa Francis Faure, ambaye hakuwa katika waendeshaji wakubwa wa zama zake, alipanda baiskeli ya kulalia iliyoundwa na Charles Mochet akaenda km 45.055 kwa saa moja. Rekodi iliyokuwepo, km 44.247 ya Oscar Egg, ilikuwa imekaa tangu 1914! Mwaka uliofuata UCI wakaandika upya maana ya baiskeli ya mashindano, na ya kulalia ikawa nje mpaka leo. Mwambie mdogo wako hivyo.

Anayenigusa mimi zaidi ni Graeme Obree wa Uskochi, kwa sababu alikuwa mtu wa karakana kama wewe. Aliunda fremu isiyo na bomba la juu ili magoti yapite karibu karibu, akaweka beringi za mashine ya kufulia nguo. Julai 1993, kule Hamar, Norwei, akavunja rekodi ya saa moja: km 51.596. Mwaka 1994 mkao wake wa kubana mikono kifuani ukapigwa marufuku. Akabuni mwingine wa kunyoosha mikono mbele, akawa bingwa wa dunia 1995, nao ukafungwa. Mwaka 1996 UCI wakakaa Lugano, Uswisi, wakatangaza kwamba mashindano yawe ya mtu na mtu, si ya chombo na chombo. Hiyo pembetatu iliyokutoa kwenye mstari chimbuko lake ni hapo.

Mimi naona hoja yao ina uzito. Mtoto wa Kilolo mwenye baiskeli ya kawaida lazima awe na nafasi. Lakini fremu yako usiikate, tafadhali. Kwenye triathlon, mchezo wa kuogelea, baiskeli na kukimbia, fremu zisizo na bomba la kiti zimeendelea kutumika. Hata Cervélo, kampuni ya baiskeli, waliunda P5X ya namna hiyo kwa ajili ya mchezo huo.

Isongole_Juu
Naongezea kuhusu ya kulalia. Kasi yake inatokana na kukata upepo, na upepo unakuwa adui mkubwa ukiwa kwenye tambarare, tuseme Igawa mpaka Chimala. Huku kwetu, ukitoka Igawilo kupanda Isongole, unakwenda polepole na adui ni uzito. Kwenye ya kulalia huwezi kusimama juu ya pedeli. Utaachwa na muuza maziwa.

Spoku36
Hapo umenena. Mkuu, bomba la kiti ukiliongeza, lichomelee kabisa juu na chini. Kipande cha kufunga kwa bolti kitakutia kwenye ubishi mwingine palepale mstarini.

FundiMbalizi
Asanteni sana wakuu. Babu, shikamoo, habari ya zile beringi nimeisoma mara tatu.

Nimeamua hii siikati, nitaiendesha mwenyewe. Ya mashindano naanza upya na pembetatu kamili. Nimepima kwenye karatasi, urefu wote unatoka sm 171. Kesho nampelekea msimamizi mchoro kabla sijanunua bomba, na kiingilio nitakidai hapohapo.

BabuWaIpogolo
Marahaba. Mchoro auwekee sahihi.