Nimepata mtoto wa chatu shambani, natamani nimfuge. Naombeni ushauri

Mkulima wa Ndanda

Wakuu habari za jioni, niende moja kwa moja. Juzi tulikuwa tunasafisha shamba la mikorosho huku Ndanda, si mnajua kipindi hiki kila mtu anafyeka ili salfa, ile dawa ya mikorosho, ikianza kupulizwa asikutwe na majani, sasa kuna kichuguu kina shimo la zamani la muhanga, vijana wakaanza kupiga kelele nyoka nyoka, mmoja kashanyanyua panga nikamzuia maana niliona yale mabaka nikajua huyu chatu, tena bado mtoto. Nikamuingiza kwenye gunia nikaja nae nyumbani. Nimempima kwa tepu ya fundi, mita 1.2 na kidogo.

Sa hizi yupo kwenye pipa la plastiki nimelitoboa matundu, juu nimeweka ubao na jiwe. Mpole sana wakuu, siku ya kwanza alikuwa anapuliza kwa hasira lakini leo kajizungusha mkononi katulia kabisa. Nimemwekea kifaranga hajagusa. Kitu kingine nimeona karibu na mkia, pale mwili unapoanza kuwa mwembamba, ana vikucha viwili vidogo vimejificha kwenye magamba, kimoja kila upande. Hii ni nini?

Mi napenda wanyama toka mdogo na niko siriasi na hili jambo. Nina eneo, naweza kujenga banda la nondo na wavu. Maswali yangu: sheria inasemaje, anafika ukubwa gani, na gharama ya kumlisha ikoje? Mama watoto kagoma kabisa, anasema nichague mmoja atoke, yeye au nyoka, na nina mtoto wa miaka mitatu. Halafu kuna jirani kaja kuniambia kuna watu wananunua chatu hela nzuri, huyo nimemwambia siuzi.

Likongowele

Mkuu kabla ya banda anza na sheria maana hapo ndo utaumia. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inasema wanyamapori wote ni mali ya umma, Rais anawashikilia kwa niaba ya wananchi. Haijalishi umemkuta shambani kwako, shamba lako nyoka si wako. Kumuweka ndani bila kibali ni kosa, na kesi za nyara za serikali zinapelekwa kama uhujumu uchumi, hapo hakuna cha kusema sikujua. Hata ngozi yake tu ukikutwa nayo una kesi. Huyo jirani wa kununua mkwepe kabisa, chatu wetu wamo kwenye orodha ya pili ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa, na hao wanunuzi wa vichochoroni ndo wanaoacha mkulima anabeba kesi peke yake.

Kibali kipo kwa wanaofungua bustani na mashamba ya wanyamapori na kinapitia TAWA, ile mamlaka ya serikali ya kusimamia wanyamapori, lakini kile ni cha mradi unaoeleweka, na hao wanyama wanapatikana kwa utaratibu, huwezi kumuokota kwanza halafu ndo ukaombe karatasi. Kesho asubuhi nenda kwa afisa wanyamapori wa halmashauri umwambie ukweli kama ulivyotuambia hapa. Ukienda mwenyewe inakuwa umeripoti, ila wakikufuata wao hiyo ni stori nyingine.

Fundi Magamba

Nimefanya kazi miaka kadhaa kwenye bustani ya nyoka yenye leseni huko kaskazini, kwa hiyo niongelee upande wa mnyama mwenyewe maana sheria mwenzangu kamaliza.

Vile vikucha ni mabaki ya miguu ya nyuma. Chatu wanavyo wote, dume vyake huwa virefu zaidi na anavitumia kumkwaruza jike wakati wa kupandana. Siyo alama ya nyoka wa ajabu. Mtu akija kukwambia huyo ana kucha ni chatu wa utajiri usimsikilize.

Ukubwa. Huyo wa huku kusini akikomaa mita 3 mpaka 4 ni kawaida, na wapo wanaopita 5. Kilo 40, 50 kwa jike mkubwa siyo ajabu, majike ndo wanakuwa wakubwa. Na miaka ya mwanzo anakua haraka akila vizuri. Sasa weka akilini anaweza kuishi zaidi ya miaka 20 akitunzwa, yani huyo mtoto wako wa miaka mitatu atamaliza chuo chatu bado yupo kwenye banda na bado anakula. Hapa ndo watu wanapokosea, wanaamua kwa kumwangalia yule wa mita moja aliyepo kwenye pipa, wakati uamuzi wenyewe ni wa yule wa mita nne na nani atamhudumia siku wewe umesafiri au unaumwa.

Chakula mwanzo ni panya, baadae sungura na kuku, mbele huko ni wanyama wa ukubwa wa mbuzi mdogo. Hali kila siku, mkubwa akipiga mlo mzito anakaa wiki kadhaa, kwa hiyo gharama ya chakula siyo ndo itakayokushinda. Kitakachokushinda ni joto. Nyoka hatengenezi joto lake kama sisi, anatakiwa awe na upande wa moto kama nyuzi 30 hivi na upande wa baridi achague mwenyewe. Usiku wa mwezi wa saba huko kwenu baridi ikishuka chakula hakisagiki tumboni, anakitapika. Na ukimjengea banda la bati likapigwa jua la Novemba mchana kutwa unamkuta amekufa. Kifaranga hajagusa kwa sababu ana msongo, ameng'olewa kwenye shimo lake na kila mtu anakuja kufunua pipa. Angalia na macho, yakiwa na ukungu wa bluu ujue anakaribia kujivua gamba, hapo haoni vizuri, hataki kula na anang'ata hovyo.

Na meno. Chatu hana sumu ila ana meno mengi yamepinda kuelekea nyuma, akishika mkono ukiuvuta unajichana mwenyewe.

Mkulima wa Ndanda

Asanteni sana, nimejifunza. Ila kaka Fundi, akikua na mimi toka mdogo hivi, namlisha mwenyewe kila siku, si atanizoea? Maana kuna ndugu zetu Wasukuma wanacheza ngoma na chatu kabisa shingoni na hawadhuriki.

Fundi Magamba

Swali zuri hilo. Atazoea kushikwa, yani ataacha kukuona wewe ni hatari. Lakini kukujua kama mbwa anavyokujua, hapana. Kwenye midomo ana vitundu vinavyosikia joto la mnyama hata gizani, na ulimi unachukua harufu. Sasa umetoka kushika kuku, mkono una joto na unanuka kuku, akiruka hajakukasirikia, kafanya anachofanya kwenye kila chenye joto na harufu ya chakula. Akishashika anajiviringisha, na kila unapopambana anakaza. Watafiti wameshapima kwa nyoka wa aina hii wanaobana, kinachomaliza haraka siyo kukosa pumzi tu, mzunguko wa damu wenyewe unasimama. Hao wa ngoma wamefundishana kazi hiyo vizazi na vizazi na hawachezi peke yao, kuna watu pembeni. Kwetu kazini chatu wa kuanzia mita mbili na nusu hafunguliwi na mtu mmoja, na hii haikuwa na mjadala hata kama bosi kaja. Akikuviringa anatolewa kuanzia mkiani, sasa mkia wa nyoka aliyekubana shingo utaufikia vipi ukiwa peke yako?

Nikupe mifano ya kweli ya chatu wetu hawa wa Afrika. Uingereza mwaka 2017 jamaa wa miaka 31 alikutwa amefariki chumbani kwake, chatu wake wa mita 2.4 ametoka kwenye boksi lake, na uchunguzi wa kifo ukasema nyoka alihusika. Alikuwa mzoefu wa nyoka miaka mingi. Canada mwaka 2013, mji wa Campbellton, chatu alitoka kwenye banda lake akapita kwenye njia ya hewa, akadondokea kwenye chumba walicholala watoto wawili, wa miaka minne na sita, wote wakafa. Huyo hakufika hata kilo 25. Hapo nafikiria pipa lako, ubao na jiwe, na mtoto wa miaka mitatu ndani ya nyumba. Chatu anasukuma kwa mwili mzima usiku kucha mpaka apate upenyo, mama watoto wako hajakosea hata kidogo.

Mama Zuhura, Ruangwa

Mwanangu Mkulima mi nakushukuru kwanza hukumuua. Huku kwetu akionekana chatu ni mapanga na moto, halafu mwaka unaofuata watu wanalia panya wamemaliza ufuta na ndezi wamelala kwenye mahindi. Chatu anakula hao hao. Mbuzi mtoto na kuku anachukua ndiyo, nami nimeshapoteza, dawa yake ni banda zuri na kufunga mifugo mapema, siyo kuchoma msitu.

Kingine ambacho vijana hamjakigusa. Kijijini ukijulikana unafuga chatu ndani hakuna atakayeamini ni mapenzi ya wanyama. Mtoto wa jirani akiugua, biashara yako ikikaa vizuri, watasema ni yule nyoka. Nimeona watu wanahamishwa kitongoji kwa maneno madogo kuliko hayo. Una mke na watoto, usiwaletee hilo.

Mwana wa Mikindani

Si amrudishe tu porini yaishe? Ampakie kwenye boda ampeleke mbali kule Rondo kwenye msitu, huko hasumbui mtu

Fundi Magamba

Mwana wa Mikindani wazo la kumrudisha ni zuri ila siyo mbali, na siyo kimya kimya. Chatu anajua shimo lake, maji yake na anapowinda, ukimtupa sehemu ngeni anahangaika, anaishia barabarani au uani kwa mtu. Na kuhamisha nyoka ovyo kuna madhara yake, Florida kule Marekani watu walifuga chatu wa Asia, wengine wakawaachia walipowashinda, wengine wakatoroka, sasa wamezaliana kwenye mabwawa ya Everglades mpaka sungura na wanyama wengine wadogo karibu wametoweka sehemu kubwa. Wa kwetu ni mwenyeji, anatakiwa arudi pale pale au jirani na pale alipotoka, na afisa ndo aseme wapi. Kama ndani ya lile shimo kulikuwa na jike vijana waambieni wakae nalo mbali, chatu jike wa kusini analalia mayai na hata yakianguliwa anakaa na watoto kama wiki mbili, ni nyoka wachache sana wanafanya hivyo.

Mkulima wa Ndanda

Wakuu mrejesho. Nimempigia afisa wanyamapori, mtu mwema kabisa, kaniuliza nimempata wapi na lini nikamueleza yote. Anakuja kesho mchana na kasema nisimhamishe wala nisimuonyeshe watu. Inaniuma kusema kweli, lakini lile la miaka 20 na huyu mtoto wangu limenimaliza. Shimo lile nimewaambia vijana wasilifukie na wasichome karibu, nitaacha majani kama hatua kumi kuzunguka kichuguu. Sasa usiku huu nimfanyeje, nimjaribishe panya kidogo au nimuache?

Fundi Magamba

Muache. Usimpe kitu, nyoka akisafirishwa tumbo limejaa anatapika na anadhoofika. Muwekee maji kwenye bakuli zito asilolipindua, gunia kavu ajifiche chini yake, pipa likae kivulini ndani ya chumba kinachofungwa na ufunguo ubaki nao wewe. Ubao ufunge kwa kamba pande zote mbili, jiwe peke yake halitoshi. Na usimfungue tena mpaka afisa afike.