Mtu anafuta waandishi kwenye katalogi halafu MIMI ndo naulizwa nilisomea nini!!

Wakuu habari za jioni, salamu zenyewe fupi maana nikianza kuongea nitalia. Mnamjua yule mkuu wa kitengo wa ile maktaba, simtaji, yeyote hapa Arusha aliyewahi kuazima kitabu anamjua, yule mwenye rundo la funguo kiunoni utadhani kakabidhiwa geti la Ngorongoro. Leo kanidhalilisha mbele ya madogo wa fildi. "Futa hao watu." Basi, hivyo tu. FUTA HAO WATU!!

Kisa chenyewe kitabu cha kilimo cha kahawa, ukurasa wa ndani una waandishi wanne, wamepangwa vizuri kabisa, hakuna mkubwa hakuna mdogo. Mimi kwenye 245, ile sehemu ya jina la kitabu na waandishi kwenye rekodi ya kompyuta, nikaweka jina la kitabu, slashi, nikawaandika wote wanne kama walivyo, halafu wale watatu wa nyuma kila mmoja nikamfungulia 700 yake, yaani ingizo la nyongeza la jina lake, ili mtu akitafuta jina lolote kitabu kije. Akasimama nyuma yangu, akakohoa kile kikohozi chake, "Futa hao watu, bakiza wa kwanza, weka et al.", yaani na wengine kwa Kilatini. Nikamwambia bosi, hiyo ni ya AACR2, sheria za zamani za kukatalogi za 1978, wakizidi watatu unabakiza mmoja, mambo ya enzi za kadi za katalogi za sentimita 7.5 kwa 12.5 ambazo nafasi hakuna, sasa hivi tuna RDA, sheria mpya, tangu 2010, Library of Congress wenyewe, maktaba ya bunge la Marekani, walihamia huko Machi 2013, skrini haijai hii. Sijamaliza hata kuongea. "Wewe ulisomea maktaba au ulisomea kupanga viti?" Madogo kicheko, kuna mmoja alicheka mpaka akashikilia meza.

Halafu akainama YEYE MWENYEWE akanyang'anya mausi akafuta. Wa pili, wa tatu, wa nne. Na 700 zao zote akapitisha humo humo. Watu wamezunguka mashambani kwenye matope wakaandika kitabu, anawafuta kwa kidole kimoja mtu anayeingia ofisini saa nne na chapati mkononi!

Na kinachoniua, hiyo sheria yake ya zamani YENYEWE HAIJUI. AACR2 wakifika wanne hata yule wa kwanza hakai kwenye 100, nafasi ya mwandishi mkuu, kitabu kinaingia kwa jina la kitabu, huyo mwandishi wa kwanza anapata ingizo la nyongeza tu. Yeye kamwacha 100 kakaa kama mfalme. Sasa hiyo ni sheria ipi? Ya ukoo wao?

Futa hao watu. Nimepanda kifodi mpaka Kwa Mrombo konda anaita abiria mimi nasikia futa hao watu.

Mkazi wa Ngarenaro: Nimekaa paleee na kahawa yangu. Ya kilimo hicho hicho.

Chalii Sanawari: Arifu unalilia slashi? Wenzako tunalilia kodi ya nyumba

bibi_kadi: Mwanangu pole. Nimekaa na kadi kabla hujazaliwa. Ila tuseme ukweli, hata RDA inaruhusu kupunguza wakizidi watatu, unaweka wa kwanza halafu kwenye mabano ya mraba unaandika na wengine watatu. Kosa lake hapo ni hiyo et al., mambo mengine ni ubosi tu.

Mleta uzi: Shikamoo bibi. INARUHUSU haiamuru!! Na Library of Congress kwenye sera yao wanasema kwa kawaida msipunguze majina. Halafu hata ukipunguza pale 245, 700 nani kakwambia ufute? Hapo ndo mtu anapotea kabisa, mwanafunzi akiandika jina la huyo mwandishi inakuja sifuri. Na angeniita pembeni basi, mbele ya madogo bibi, mbele ya madogo!

bibi_kadi: Marahaba. Hapo kwa madogo kakukosea.

rombo_mjini: Chai hii. Bosi gani anaijua 245? Wa kwetu anaita fundi kuwasha printa

Mleta uzi: Chai mama yako

Moshi Baridi: Afadhali yako mkuu. Huku Moshi kuna katalogi vitabu vyote vya Kiingereza vinavyoanza na The vimelundikana kwenye T, mtu kaweka 0 kwenye indiketa ya pili ya 245, ile tarakimu ya kuambia mfumo uruke herufi ngapi, badala ya 4 (The na nafasi yake), basi mfumo unahesabu na hiyo The. Ukitafuta kwa kupitia alfabeti unazeeka kabla hujafika.

mama_wawili_Rau: Na hawa wanaochukua jina la kwenye jalada! Jalada linasema hivi, ukurasa wa ndani unasema vile, mtu anaandika la jalada sababu lina rangi. La ndani ndo la 245, la jalada peleka 246, sehemu ya majina mbadala, tumalizane. Nilizunguka rafu mpaka mlinzi akanishuku.

Mzee wa Njiro: Mimi kwenye katalogi walininyofoa Dkt. yangu. Miaka sita ya kusoma.

Chalii Sanawari: Kwa AACR2 kwa kawaida zinanyofolewa mzee sio wewe tu, nimegoogle sasa hivi. Kumbe nami naweza kuwa mkutubi

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye mada, alishika mausi YANGU

rombo_mjini: Maktaba zenyewe watu wanaenda kuchaji simu. Juzi nimekuta soketi ina foleni kuliko benki

Moshi Baridi: Hilo la soketi lifunguliwe uzi wake. Kuna jamaa anakuja na ekstensheni anachomeka laptopu, simu mbili na spika

mama_wawili_Rau: Spika maktaba???

Moshi Baridi: Spika. Na mkutubi yupo anamwangalia

Mkazi wa Ngarenaro: Huyo wa spika namjua, alihamia huku, sasa hivi anatoza jero kwa kila anayechomeka kwenye ekstensheni yake