Kamera nne Mamboleo: ninunue kebo gani?

MwenyeBoma: Habari zenu mafundi. Nyumba iko Mamboleo, Kisumu. Nataka kamera nne za PoE (kebo moja hubeba umeme na picha): geti, mlango, nyuma na kando ya tangi. Kutoka kwa rekoda hadi getini ni mita 70. Dukani kuna kebo mbili za mtandao aina ya Cat6, moja nusu bei ya nyingine. Tofauti ni nini?

FundiNyaya: Hiyo ya nusu bei karibu hakika ni alumini iliyopakwa shaba. Kwangua ncha kwa kisu. Ikitokea nyeupe, irudishe. Upinzani wake ni mkubwa, umeme unapungua njiani. Mchana kamera itaonekana nzima, lakini usiku taa za infraredi zikiwaka inajizima na kuwaka tena, nawe utalaumu kamera bure. Chukua shaba tupu yenye ganda jeusi la kutumika nje, uipitishe ndani ya paipu. Mita 70 ni sawa, kikomo ni 100.

Nyakach254: Na radi je? Huku haina mchezo. Funga kizuia radi cha PoE pande zote mbili za kebo ya geti. Bila waya wa ardhi hicho ni pambo tu. Halafu sami (wadudu wadogo wa ziwani) hufuata taa, buibui nao hufuata sami: balbu ikae mbali na kamera.

FundiNyaya: Kweli kabisa. Lenzi: getini mm 4 (huona mbali zaidi), kwingine 2.8 (huona eneo pana). Diski: kamera moja ikirekodi kwa kasi ya Mbps 4 hula GB 43 hivi kwa siku, kwa hiyo TB 2 zitakupa siku 11 kwa kamera zote nne.