Naomba ushauri: swali la utafiti kuhusu ufundishaji wa darasa la awali

Ndugu walimu na watafiti, shikamooni wakubwa zangu.

Ninaandaa pendekezo la utafiti wa shahada ya uzamili kuhusu ubora wa ufundishaji wa elimu ya awali Tanzania, ambayo Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliifanya kuwa ya lazima kwa angalau mwaka mmoja. Swali langu la awali, kuhusu sifa za walimu na vifaa, msimamizi ameliona pana mno. Nilipokaa darasani niliona watoto wakiitikia kwa pamoja "ndiyo, mwalimu", huku vizibo na vijiti vya kuhesabia vikiwa havijaguswa. Sasa ninavutiwa zaidi na namna mwalimu anavyouliza maswali, ambayo kwangu ndiyo kiini cha ubora.

Je, uchunguzi wa darasani pekee unatosha kulijibu hilo, au niongeze mahojiano na walimu?