MREJESHO: Miungu wangu wapigane kwa sababu gani?

Wakuu, nimerudi. Niliomba ushauri kuhusu hadithi ninayoitunga ya kuumbwa kwa ulimwengu: miungu wanapigana, ila vita havikuwa na chanzo cha maana. Mmoja wenu alinielekeza kwenye masimulizi ya kale ya Babeli, na huko nimepata mwanga.

Kule ugomvi unaanza kwa kelele! Miungu vijana wanapiga makelele mpaka Apsu, mungu wa maji baridi (yasiyo na chumvi), anakosa usingizi na kuamua kuwamaliza. Anauawa yeye. Baadaye mkewe Tiamat, mungu wa maji ya chumvi, anainuka kulipiza kisasi. Marduk, mmoja wa miungu vijana, anamsukumia upepo kinywani asiweze kukifunga, kisha anamchoma mshale tumboni. Mwili anaupasua vipande viwili, kimoja kinakuwa mbingu. Mito ya Hidekeli na Frati inatoka machoni mwake. Binadamu nao wanaumbwa kwa damu ya Kingu, jemadari wa Tiamat, ili wawafanyie miungu kazi.

Kilichonigusa zaidi ni hicho: aliyeshindwa hapotei, anageuka kuwa dunia tunayoikanyaga.

Basi yangu nimeifumua. Mungu wa ukame na dada yake wa mafuriko wanagombea kisima kimoja. Dada anauawa, nywele zake zinakuwa matete ya mtoni. Kaka anakinywa kisima chote na kiu haikatiki, ndiyo maana kiangazi hurudi kila mwaka. Sura ya vita imekamilika, sasa naandika ya mazishi.

Asanteni sana, hasa uliyesema nianze na ugomvi mdogo.