Mjadala: Kimbunga kikiwa baharini, sisi wa Moshi na Arusha tupewe tahadhari yetu?

Wadau, naomba tulijadili hili kabla ya msimu. Kila kimbunga kinapotajwa Bahari ya Hindi, huku kwetu utasikia "hayo ni ya watu wa Mtwara na Mafia". Wengine wanataka kabisa Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, ikae kimya mpaka iwe na uhakika, maana Aprili 2021 tulitangaziwa kimbunga Jobo, watu wakajiandaa, kikafika pwani kimeishiwa nguvu. Napinga yote mawili.

Uhakika huo hautakuja mapema. Kituo cha kisiwa cha Réunion, kinachofuatilia vimbunga vya upande wetu, hurudia utabiri kila saa 6, na eneo la njia inayotabiriwa huzidi kupanuka kadiri siku zinavyokuwa mbali. Tena ramani ya utabiri huo huonyesha kitovu kinaweza kupita wapi, si mvua itaishia wapi. Kenneth wa Aprili 2019 alihofiwa Mtwara, akaingia Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo tu ya mto Ruvuma. Hapo nani alidanganywa? Na Hidaya, Mei 2024, alifika Mafia kweli.

Suala la bara ndilo linaloniuma zaidi. Septemba 2024 Helene ilipiga pwani ya Florida, Marekani, lakini mafuriko yakaangamiza mitaa ya Asheville, mji wa milimani zaidi ya kilomita 600 kutoka pale. Machi 2019 Idai aliingia Beira, Msumbiji, na milima ya Chimanimani, Zimbabwe, ikaporomokea watu. Freddy, Machi 2023, aliua mamia Blantyre, na Malawi haina bahari. Upepo hufifia nchi kavu. Maji husafiri, na mlima huyakamua.

Sisi tuko nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo kitovu chenyewe kutufikia ni vigumu sana. Kinachotupata ni masika kuvurugika. Machi 2018 vimbunga Dumazile na Eliakim vilipokuwa mashariki ya Madagaska, vilisaidia kuvuta hewa yenye unyevu kutoka Kongo, mvua ikamwagika. Mwaka uliofuata Idai akavutia unyevu kwake Msumbiji, masika ikachelewa. Mfikirie mama wa Kibosho mwenye shamba la mahindi tambarare: trekta kalipia, mbegu ya dukani kanunua, manyunyu ya kwanza yakaanguka akapanda. Kisha jua. Anafukua kwa kidole, anakuta punje imevimba na kufa. Huyo alihitaji sentensi moja tu: subiri, kuna kimbunga kinavuta mvua.

Hoja yangu: kimbunga kikipewa jina, TMA itoe na maelezo ya Kilimanjaro na Arusha peke yake, mvua itaongezeka au itapungua, na yafike mpaka kwenye kata.

Mdau wa Muriet, Arusha:
Hapo sikubaliani nawe. Mkitangaza kila kimbunga, watu watazoea, siku ya kweli hawatasikia. Huku korongo linajaa kwa mvua ya kawaida. Aprili 2024 gari la wanafunzi lilisombwa na maji hapa hapa Arusha, bila kimbunga chochote. Tujengewe makaravati kwanza.

Mdau wa Rau, Moshi:
Tatizo langu ni lile neno "baadhi ya maeneo". Baadhi ni wapi? Mimi niko ukingoni mwa mto. Mlimani ikinyesha usiku, huku chini tunaamka maji yako mlangoni na kwetu halijaanguka tone.

Mleta mada:
Ndugu wa Muriet, karavati nami nalitaka, na ule msiba bado unatuuma sote. Lakini karavati ni la bajeti ijayo, na mvua haisubiri bajeti. Kuhusu kuzoea: TMA ina angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, na hueleza uwezekano wa jambo kutokea na ukubwa wa athari. Tukifundishwa tofauti hizo hatutachoka, kwa sababu angalizo halimwambii mtu ahame. Wa Rau, hoja yako ndiyo kiini: taarifa ya mvua ya mlimani impate anayelala chini. Sasa nauliza wote, wakiwemo madiwani mnaosoma hapa: saa 10 alfajiri taarifa ikifika mkoani, nani kwa jina la cheo chake anawajibika kumpigia mwenyekiti wa mtaa, mwalimu mkuu na dereva wa gari la shule kabla halijawashwa?